Nguvu za miguu, kuruka na mbio fupi: kumpima mchezaji wa kike bila maabara

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa timu ya soka ya wanawake katika mojawapo ya mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Nina wachezaji 22, wenye umri wa miaka 16 hadi 27. Nina stopwochi, tepu ya mita 50, koni, simu yenye kamera nzuri, na ruhusa ya kutumia chumba cha vyuma cha chuo jirani mara mbili kwa wiki. Mwanzoni mwa msimu nilipima kuruka kwa kugusa ukuta kwa chaki na mbio za mita 30. Ilikuwa jioni, na msaidizi wangu ndiye aliyeshika saa. Mwezi wa saba nilirudia asubuhi, nikashika saa mwenyewe. Wachezaji saba walishuka kwa sekunde 0.1 hadi 0.2 katika mbio, ingawa uwanjani wanaonekana bora kuliko mwanzo. Mmoja wao ameshuka pia katika kuruka, naye amepungua kilo nne. Je, nimekosea kupima au mazoezi yangu ni mabaya? Na nipime nini ili nijue kwamba miguu yao ina nguvu ya kutosha?"

Jibu:

Mwalimu, kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kwamba wachezaji wako sita kati ya wale saba walishuka, wala sioni sababu ya kuyalaumu mazoezi yako. Ninachokiona ni kwamba katika siku zile mbili ulipima vitu viwili tofauti ukaviandika kwa jina moja. Aliyeshika saa alibadilika, wakati wa siku ulibadilika, na kwa mikoa ya kwenu asubuhi ya mwezi wa saba si jambo dogo, kwani misuli iliyoamkia baridi ya Njombe au Makete haiwezi kulinganishwa na misuli ya mtu yule yule saa kumi na moja jioni. Huyo wa saba, aliyepungua kilo nne, ni habari nyingine, nami nitamrudia mwishoni.

Tuanze na stopwochi. Anayeshika saa kwa mkono huchelewa kubonyeza mwanzoni, kwa sababu jicho au sikio lake linahitaji karibu sekunde 0.2 kuifikisha habari kwenye kidole gumba, ilhali mwishoni humwona mkimbiaji akija na hubonyeza kwa kukadiria. Ndiyo maana katika riadha muda wa mita 100 uliopimwa kwa mkono huongezewa sekunde 0.24 kabla ya kulinganishwa na ule wa mitambo. Kama kosa hilo lingekuwa lile lile kila siku lisingetudhuru, lakini kila mtu ana kidole chake, na hata mtu mmoja hubonyeza tofauti kutoka mbio moja hadi nyingine. Sasa lilinganishe kosa hilo na kitu unachokitafuta. Nchini Norway wachezaji wa kike 194 walipimwa katika kituo cha mafunzo cha Olimpiki kati ya mwaka 1995 na 2010, na ikaonekana kwamba katika mita 20 za mwanzo wachezaji wa timu ya taifa waliwazidi wale wa daraja la kwanza kwa asilimia 2 hivi, na wale wa daraja la pili kwa asilimia 5 hivi. Mita 20 huchukua sekunde tatu na kidogo, kwa hiyo asilimia 2 ni kama sekunde 0.06 tu. Pengo linalomtenganisha mchezaji wa taifa na mchezaji wa ligi ni dogo kuliko kosa la kidole chako na cha msaidizi wako. Nakuomba, kwa hiyo, stopwochi uiache kwa ajili ya mbio ndefu, na mbio fupi uzipime kwa simu.

Simu nyingi za sasa hurekodi fremu 240, yaani picha moja moja za video, kwa sekunde katika hali ya mwendo wa polepole, yaani kila fremu ni sekunde 0.004, na hicho ni kipimo kizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwanza ihakikishe simu yako kwa kurekodi stopwochi inayotembea, kisha hesabu fremu zilizomo katika sekunde moja, kwa sababu baadhi ya simu huandika fremu 240 kwenye skrini lakini huhifadhi chache zaidi. Halafu chora mstari wa kuanzia, pima mita 10, na uisimamishe simu juu ya kiti au kigingi, mita 15 kutoka kwenye njia ya kukimbilia, ikitazama sawasawa na alama ya mita 5. Hapa kuna mtego ambao umewapoteza wengi: ukisimika mti wa mwisho kando ya njia kwenye alama ya mita 10 kamili, kamera huuona kwa mshazari, na mkimbiaji ataonekana ameufikia wakati ambapo bado hajafikisha mita 10 au amekwisha kuzipita, kutegemea mti umesimama upande gani wa njia. Mti ukisimama mita 1.5 kutoka kwenye njia, upande wa kamera, usogeze ndani hadi mita 9.5 kwenye tepu, nao utaonekana mahali hasa zilipo mita 10. Mti wa katikati, kwenye mita 5, hauhitaji kusogezwa kwa kuwa uko mbele ya kamera moja kwa moja.

Mchezaji asimame mguu mmoja ukiwa kwenye mstari na mwingine nyuma, atulie, asijitikise, kisha aanze anapotaka mwenyewe bila kusubiri kipenga, kwa sababu tunapima miguu, hatupimi masikio. Muda huanza katika fremu ambayo mguu wa nyuma unaachana na ardhi, na huisha katika fremu ambayo nyonga inalingana na mti. Ukihesabu fremu 456, gawanya kwa 240 upate sekunde 1.90. Kila mchezaji akimbie mara tatu, apumzike dakika tatu kati ya mbio na mbio, na uandike matokeo yote matatu, si lile bora peke yake. Namba hii usiilinganishe na ya timu nyingine hata kidogo, kwa sababu wapo wanaosimama nusu mita nyuma ya kihisi cha kwanza, yaani kifaa kinachoanzisha saa mkimbiaji anapokipita, wapo wanaosimama mita nzima, na kila nafasi kama hiyo humpa mkimbiaji mwendo wa bure kabla saa haijaanza.

Mita 10 za mwanzo ndizo zinazoamua nani aufikie mpira uliomwagika, na hizo ningezipa uzito zaidi. Kwa mawinga na mabeki wa pembeni ningeongeza kipande cha kati ya mita 20 na 30, simu ikiwa mbele ya alama ya mita 25, kwa kuwa hapo unapata kasi yake ya juu au iliyo karibu nayo. Anayekipita kipande hicho kwa sekunde 1.40 anakwenda kilomita 25.7 kwa saa. Ili upate picha ya maana yake, katika uchambuzi wa Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2019 nchini Ufaransa, FIFA ilihesabu kuwa mbio za kasi zile zilizozidi kilomita 23 kwa saa. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya wanawake, nami nasisitiza jambo hilo kwa sababu bado nawaona makocha wakiwapima mabinti kwa majedwali ya wanaume, na mabinti wakirudi nyumbani wakiamini kwamba wamefeli.

Kuhusu kuruka, jaribio la chaki na ukuta ni la zamani na la heshima, kwani Dudley Sargent wa Marekani aliliandika mwaka 1921, lakini linachanganya miguu, mkono, bega na ustadi wa kugusa katika kilele. Anayejifunza kugusa vizuri hupanda sentimita kadhaa bila miguu yake kuongezeka chochote. Wewe unataka kujua habari za miguu, kwa hiyo mikono ikae kiunoni tangu mwanzo hadi mwisho. Mchezaji asimame wima, ashuke haraka hadi kina anachokiona ni cha kawaida kwake, kisha aruke juu kwa nguvu zake zote bila kusita chini. Weka simu chini, karibu na miguu, irekodi vidole vikiachana na sakafu na vikirudi kuigusa. Urefu wa mruko kwa mita ni 9.81 mara muda wa hewani mara muda huo tena, gawanya kwa 8. Fremu 120 ni nusu sekunde, na nusu sekunde hewani ni sentimita 30.7. Ukikosea fremu moja kwa kamera ya fremu 240, umekosea kama nusu sentimita, lakini kwa video ya kawaida ya fremu 30 kosa la fremu moja ni sentimita 4 na zaidi, ambalo linatosha kumpandisha au kumshusha mchezaji bila haki.

Lipo kosa moja la mchezaji mwenyewe ambalo hutalisahihisha kwa hesabu, nalo ni kukunja magoti hewani kabla ya kutua. Miguu ikikunjwa, vidole huchelewa kugusa chini, muda wa hewani hurefuka, na namba hupanda kwa uongo. Mruko wa namna hiyo ufute, urudiwe. Wachezaji wakubwa wa kike wanaofanya mazoezi ya kudumu kwa kawaida huruka sentimita 25 hadi 35 kwa mikono kiunoni, lakini usiitumie namba hiyo kama mstari wa kufaulu.

Mruko, kwa kuwa mtu hujinyanyua mwenyewe, hupima nguvu ikilinganishwa na uzito wa mwili, na jambo hili kwa wachezaji wa kike lina hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mchezaji anaweza kuruka juu zaidi kwa sababu amepata nguvu, na anaweza kuruka juu zaidi kwa sababu amepungua mwili huku misuli yake ikibaki pale pale au hata ikidhoofika. Ukiona mruko umepanda, angalia na uzito wake na kile anachokinyanyua katika chumba cha vyuma, ndipo useme kama ni habari njema. Mizani iwekwe mahali pa faragha, asomewe mtu mmoja mmoja na mwanamke anayeaminika, na namba isibandikwe ukutani wala kusomwa mbele ya timu. Hili kwangu halina mjadala.

Sasa nguvu yenyewe. Hospitali na vyuo vikuu vina mashine zinazopima nguvu ya goti kwa kasi iliyofungwa, na vipo vibao vya kupimia nguvu ya kusukuma ardhi, lakini usivisikitikie. Skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama, yenye chuma mabegani itakutosha, mradi kina kiwe kile kile kwa wote, yaani paja lifike usawa wa sakafu. Usimtafutie mchezaji uzito wa juu kabisa anaoweza kuunyanyua mara moja, hasa hao wa miaka 16 na 17 ambao bado wanajifunza kushuka vizuri. Tafuta uzito anaoweza kuunyanyua mara tano kwa ufundi safi, kisha ukadirie: uzito huo uzidishe kwa moja jumlisha idadi ya marudio iliyogawanywa kwa 30. Aliyenyanyua kilo 50 mara tano anakadiriwa kuwa na uwezo wa kilo 58 hivi kwa mara moja. Gawanya kwa uzito wa mwili wake. Katika kazi yangu, kwa mchezaji mzima, lengo la kwanza ninaloliweka ni kufikia uzito wa mwili wake mwenyewe. Ambaye hajafika hapo namwongezea kazi ya nguvu kabla sijafikiria mazoezi ya kurukaruka kutoka juu ya visanduku, na ambaye amepita sana huku mita 10 zake zikiwa bado nzito, shida yake siitafuti tena kwenye chuma.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la nguvu ya kutosha. Huenda umesikia utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wachezaji 17 wa kiume wa Rosenborg, klabu ya soka ya Norway, uliokuta kwamba uwezo wa skwati ulifuatana kwa karibu sana na mbio za mita 10 na kuruka. Utafiti huo umenukuliwa mno, na wengi wamehitimisha kwamba anayenyanyua zaidi ndiye atakayekimbia zaidi. Lakini walikuwa wanaume 17 wa timu moja iliyofanya mazoezi ya pamoja kwa muda mrefu, na hatuna haki ya kuchukua uhusiano ule na kuuvika timu yenye binti wa miaka 16 aliyegusa chuma kwa mara ya kwanza mwezi uliopita. Isitoshe, mwili wenyewe unakataa hesabu nyepesi namna hiyo. Misuli huhitaji zaidi ya sekunde 0.3 kufikisha nguvu yake ya juu kabisa, ilhali katika hatua za kwanza za mbio mguu hukaa chini karibu sekunde 0.2, na katika kasi ya juu hukaa sekunde 0.1 tu. Chuma hukuambia akiba aliyonayo, mruko hukuambia ni kiasi gani cha akiba hiyo anaweza kukitoa upesi, na mbio hukuambia kama anajua kuielekeza nyuma ili mwili uende mbele. Majibu hayo matatu yakitofautiana kwa mchezaji mmoja, usidhani umekosea kupima, kwa maana tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha mazoezi anayoyahitaji yeye, ambayo si lazima yawe ya mwenzake.

Ongeza jaribio moja la mguu mmoja, yaani kuruka mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu ule ule bila kuyumba, kisha upime umbali. Aliyefika sentimita 150 kwa mguu wa kulia na 138 kwa wa kushoto ana uwiano wa asilimia 92, na wataalamu wa tiba ya viungo hutumia asilimia 90 kama mpaka wa tahadhari, hasa kwa anayerudi kutoka kwenye jeraha la goti. Uwiano mzuri usikulaze usingizi, kwa sababu miguu yote miwili inaweza kuwa dhaifu kwa usawa. Mimi huangalia zaidi jinsi anavyotua, kama goti linaingia ndani kuelekea mguu wa pili. Wachezaji wa kike hukatika ligamenti ya mbele ya goti mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na kocha yeyote wa wanawake amewahi kumpoteza mtu kwa jeraha hilo. Hata hivyo, hakuna jaribio kati ya haya linaloweza kukutajia nani ataumia. Kwa hiyo usiwape mazoezi ya kinga wale tu walioonekana wabovu. Wape wote mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, ambayo katika utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008, juu ya wasichana wa miaka 13 hadi 17, yalipunguza majeraha yote kwa takriban theluthi moja.

Kabla ya kuanza msimu, fanya jambo ambalo timu nyingi hulikwepa kwa kuwa linaonekana kama kupoteza muda. Wapime wote mara mbili, siku tatu au nne zikiwa katikati, bila mazoezi mazito na angalau saa 48 baada ya mechi, kwa saa ile ile, uwanja ule ule, viatu vile vile na kupasha mwili kule kule. Katika siku hizo hakuna aliyepata nguvu wala aliyeipoteza, kwa hiyo tofauti zote utakazoziona ni kelele za kipimo chako. Mwombe mwalimu wa hisabati akukokotolee mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, yaani namba moja inayoonyesha zinavyotawanyika. Tuseme katika kuruka umepata sentimita 1.8. Kuanzia hapo, badiliko lililo chini ya 1.8 liandike kuwa hajabadilika, lililozidi 3.6 liamini, na lililo katikati lirudie ndani ya wiki kabla ya kumwambia mchezaji neno lolote. Kila kipimo kina kelele zake, kwa hiyo fanya hivyo kwa mbio na kwa mguu mmoja pia.

Huenda utajiuliza kuhusu hedhi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta kwamba, kwa wastani, uwezo hupungua kidogo mno katika siku za mwanzo za mzunguko, na kwamba wanawake hutofautiana sana. Usipange tarehe za vipimo kwa kufuata mizunguko ya watu 22, lakini mchezaji akipenda kusema kwamba siku hiyo ana maumivu, mruhusu apime siku nyingine, na siri yake ibaki siri.

Vipimo vyote vitaingia katika jioni mbili. Ya kwanza iwe ya kuruka, kisha mita 10, ambavyo vinataka mwili mbichi, na ya pili iwe ya mguu mmoja na skwati. Rudia mara tatu kwa msimu, si zaidi, kwa kuwa siku ya kupima ni siku iliyoondolewa kwenye mazoezi.

Wale sita wasubiri vipimo vipya, na karatasi ya mwezi wa saba usiwaonyeshe. Yule aliyepungua kilo nne asisubiri. Ameshuka katika mbio na katika kuruka, na mtu aliyepungua mwili alitarajiwa kuruka juu zaidi, si chini, kwa hiyo saa mbovu peke yake haielezi hali yake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina hali hii mwaka 2014, pale mwili unapopokea chakula kidogo kuliko kazi unayofanya, nayo hugusa mifupa, hedhi, damu na nguvu za misuli kwa pamoja. Mwite kando, au mwombe mwanamke anayemwamini amwite, wala msianze na namba. Muulizeni anakula nini kabla na baada ya mazoezi, na nani hupika nyumbani, kama analala, kama kuna mtu aliyemwambia apungue, na kama hedhi yake inakuja. Ikiwa imekatika kwa miezi mitatu au zaidi, au ikiwa anachoka kupita kawaida, apelekwe kwa daktari wiki hii hii akapimwe pia wingi wa damu, na katika jioni zile mbili za vipimo asiruke wala asikimbie mpaka daktari aseme.